Usitukane Wakunga: Uzazi, Familia na Wanawake wa Imani
Mhadhara uliotolewa Skärholmen, Stockholm

Waandalizi waliponiomba nizungumze juu ya uzazi na wanawake katika Biblia, nilijua wanachokitarajia. Sara apate Isaka, Raheli apate Yusufu, Hana apate Samweli, Elisabeti apate Yohana, tuseme amina, tuvunje mkutano. Habari hizo ni tamu na sitaziruka. Ila nimechoka kusikia zikihubiriwa kana kwamba zote ni hadithi moja: mwanamke hana mtoto, analia, anaomba, anapata mtoto wa kiume, mwisho.

Nitasema leo jambo moja. Biblia inapoeleza uzazi, macho yake hayakai sana kwenye tumbo. Hukaa kwa mwanamke aliyefanya kitu: aliyempokea mtoto, aliyemficha, aliyemshonea nguo, aliyekataa amri ya mkubwa. Kuna habari katika Luka 11 ambayo sijaisikia mimbarani hata mara moja. Mwanamke mmoja katika umati anapaza sauti kulisifu tumbo lililomzaa Yesu na maziwa yaliyomnyonyesha. Yesu anamjibu kwamba heri ni kwa walisikiao neno la Mungu na kulishika. Hakumtukana mama yake. Alikataa tu kumpima mama yake kwa tumbo.

Tuanze na Hana basi, maana ndiye anayetumiwa zaidi. Aliyekaa kwenye kanisa la Kiswahili, iwe Bukoba, Bukavu, Nairobi au hapa Skärholmen, ameshahubiriwa Hana. Mhubiri husimulia jinsi alivyolia Shilo, kisha huwageukia kina mama na kusema: na wewe lia hivyo. Ukimsikiliza vizuri utaona amemwambia dada aliyefunga na kuomba miaka kumi bila kupata mtoto kwamba hakulia vya kutosha. Dada huyo yumo ndani ya ibada. Anapiga makofi pamoja na wengine.

Ukifungua kitabu chenyewe utakuta mambo mengine. Mume anampenda Hana lakini hamwelewi. Anamwuliza kama yeye mume hafai kuliko wana kumi. Kuhani anamtazama akiomba midomo ikitikisika bila sauti, akadhani amelewa. Wanaume wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa madhabahuni, wote wamekosea kumsoma mwanamke aliye mbele yao. Hana mwenyewe ndiye anayemjibu kuhani, kwa adabu na bila kujikunyata, kwamba hajalewa, anamimina roho yake mbele za Bwana. Hapo ndipo imani yake ilipo, kabla ya mimba. Mtu akifunga kitabu kwenye mstari ule, habari ya Hana imeshatimia kama habari ya imani.

Na tukisema Hana alipata kwa sababu aliomba, tumjibu nini Mikali binti Sauli? Kitabu cha Pili cha Samweli kinasema hakuwa na mtoto hata siku ya kufa kwake. Huyu ndiye aliyemshusha Daudi dirishani usiku akamwokoa asiuawe. Wahubiri wanampita mbio.

Kuna mstari mmoja kwa Hana ambao kwa watu wa mtaa huu una uzito wa pekee. Uko Samweli wa Kwanza, sura ya 2. Baada ya kumwachisha mtoto ziwa na kumwacha hekaluni, Hana alikuwa akimshonea kanzu ndogo, akimpelekea mwaka kwa mwaka. Fikirini kazi ile. Mtoto unamwona mara moja kwa mwaka. Unakata kitambaa ukikisia mabega yamefika wapi.

Hapa Skärholmen nimemwona mama mmoja dukani, kwenye rafu ya viatu vya watoto, ameshika simu na rula. Kwenye simu kulikuwa na picha ya unyayo uliochorwa kwa kalamu ya mkaa juu ya karatasi ya daftari, na pembeni ya unyayo sarafu ya Tanzania ya shilingi mia mbili. Shangazi wa mtoto aliyeko kambini Nyarugusu, Kigoma, ndiye aliyechora, akaweka sarafu ili mama apate kipimo. Mama alikuwa na sarafu kama ile ndani ya pochi. Aliipima kwa rula, akapiga hesabu, akachukua viatu vya namba moja zaidi. Akaniambia, “Mpaka vifike, mguu utakuwa umekua.” Mwaka 2016 Sweden ilipopitisha sheria ya muda iliyobana kuunganishwa kwa familia, wapo kina Hana wengi waliobaki wakishona kwa kukisia. Wengine mpo humu. Mkihubiriwa Hana tena, daini sura ya 2.

Sasa nije kwa wakunga. Kutoka sura ya 1 inawataja wawili kwa majina, Shifra na Pua. Farao anawaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania wakati wa kuzaa. Hawakufanya. Walipoitwa kujieleza, walimwambia mfalme kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, wanajifungua kabla mkunga hajafika. Huo ni uongo wa mchana kweupe, na Mungu akawatendea mema, akawajalia nyumba zao. Nawaachia walimu wa maadili walitatue hilo. Mimi linanifurahisha tu jinsi walivyomchezea Farao kwa kutumia jambo ambalo mwanamume wa ikulu hawezi kulikagua. Angeuliza wapi? Pua na Shifra ndio waliokuwa chumbani.

Wengi wenu hamjui kwamba majina hayo mawili yana historia katika mji huu. Alikuwapo daktari wa Stockholm aliyeitwa Johan von Hoorn, aliyezaliwa mwaka 1662. Mwaka 1697 alitoa kitabu cha kwanza cha ukunga kwa lugha ya Kiswidi. Mwaka 1715 akatoa kingine kwa ajili ya kuwafundisha wakunga, akakipa jina la Shifra na Pua. Ndani yake wakunga wale wawili wa Misri wanaulizana na kujibiana kazi: mtoto amekaaje, mkono umetangulia ufanye nini, kondo la nyuma likichelewa ufanye nini. Daktari msomi angeweza kuandika kwa Kilatini na kujisemea mwenyewe. Aliona afadhali wanawake wawili wa Biblia wakae kitako wafundishane, maana wanafunzi wake walikuwa wanawake waliozijua habari hizo tangu utoto kanisani.

Haikuwa mapambo. Mwaka 1711 Stockholm ilikuwa imeweka kanuni kwamba mkunga afunzwe, afanye mtihani na ale kiapo. Mkunga wa Kiswidi pia aliruhusiwa kumbatiza mtoto mchanga kama roho inatoka na mchungaji yuko mbali. Kumbukeni kwamba hapa wanawake walikubaliwa kuwa wachungaji kwa uamuzi wa mwaka 1958, na watatu wa kwanza, Elisabeth Djurle, Ingrid Persson na Margit Sahlin, wakawekewa mikono tarehe 10 Aprili 1960. Lakini karne nyingi kabla yao, usiku wa manane, kwenye kibanda kilichozingirwa na theluji, mwanamke alishika maji akatamka majina matatu juu ya kichwa cha mtoto, na kanisa likakubali kwamba mtoto yule amebatizwa. Dharura iliona kile ambacho mikutano mikuu ilichelewa kukiona.

Kulikuwa na hesabu pia. Sweden ilianza mapema kuliko karibu nchi zote kuhesabu watu wake, waliozaliwa na waliokufa, kupitia wachungaji wa parokia. Mwaka 1751 tume iliyosoma takwimu hizo iliandika kwamba kati ya wanawake 651 waliokufa kwa uzazi, wasiopungua 400 wangeokolewa kama wangekuwapo wakunga wa kutosha. Nchi hii tunayoiona leo tajiri ilikuwa ikipoteza mama kama 900 kwa kila vizazi hai 100,000. Kufikia mwaka 1900, kabla ya penisilini, kabla ya benki za damu, idadi ilishuka mpaka kama 230. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa wakunga waliotembea kwa miguu na kwa sleji kutoka kijiji hadi kijiji. Tangu mwaka 1829 walipewa hata ruhusa ya kutumia vyuma vya kumtolea mtoto, kazi ambayo kwingi Ulaya madaktari wanaume waliishikilia wenyewe.

Kwetu Tanzania utafiti wa afya ya jamii wa 2015–16 ulipata vifo 556 kwa vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukapata 104. Wataalamu wanaweza kubishana juu ya vipimo, lakini kushuka kumeonekana. Kwa hiyo tukiimba juu ya muujiza wa uzazi, tumtaje na aliyesomea. Wazee walishasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Msemo huo tunautumia kwa mambo ya biashara na siasa, tukasahau kwamba ulianza na mwanamke halisi mwenye mikono iliyonawa.

Mariamu je? Luka anatuambia kwamba baada ya habari ya malaika alikwenda upesi mpaka nchi ya vilima kwa Elisabeti, ndugu yake, aliyekuwa mwezi wa sita, akakaa naye kama miezi mitatu. Wasomi wamebishana kama aliondoka kabla Yohana hajazaliwa, kwa sababu Luka anamrudisha nyumbani kwanza ndipo anasimulia kuzaliwa. Mimi sikubali. Hakuna binti wa kwetu anayekaa kwa dada yake mkubwa mpaka mwezi wa tisa kisha akafunga mzigo. Alibaki, akachota maji, akajifunza kwa macho yake mtoto anavyotoka. Elimu ile aliihitaji mwenyewe miezi sita baadaye Bethlehemu, ambapo Luka hamtaji mama, shangazi wala mkunga. Anasema Mariamu alimzaa, akamvika nguo za kitoto, akamlaza horini. Vitenzi vyote ni vya kwake.

Wakristo wa zamani hawakuweza kuvumilia upweke ule. Katika karne ya pili kilitokea kitabu kinachoitwa Injili ya Yakobo, ambacho hakimo katika Biblia, na humo Yusufu anaonekana akikimbia kutafuta mkunga, na mwanamke mwingine aitwaye Salome anaongezwa. Wasomaji walijaza chumba kwa huruma. Ndugu zangu Waislamu, ninyi mnayo Sura ya Maryam, ya 19, ambayo haikujaza chumba. Inamwacha peke yake chini ya mtende, uchungu umembana mpaka anatamani angekufa kabla ya siku ile, halafu sauti inamwambia asihuzunike, kuna kijito chini yake, atikise shina tende mbivu zidondoke. Naipenda habari ile kwa sababu haifichi maumivu. Mahubiri ya Krismasi yameyaficha sana. Mariamu wetu wa kwenye kadi hajatoka hata jasho.

Mnaona kwa nini nawaambia haya hapa. Mtaa huu ulijengwa upesi ndani ya mpango wa Sweden wa nyumba milioni moja, kati ya 1965 na 1974. Jengo la maduka la Centrum lilipofunguliwa mwaka 1968, siku chache tu baadaye gazeti la Dagens Nyheter likachapa makala iliyotaka libomolewe. Halikubomolewa, na tumezalia hapa. Dada zetu hubebwa usiku mpaka hospitali ya Huddinge au Södersjukhuset, wanahudumiwa na wakunga hodari kabisa, na wengi wao wanazaa mama yao akiwa Uvira, Tanga au Kampala, amewekwa kwenye skrini ya simu iliyoegemezwa kwenye gilasi ya maji. Mkunga anajua kazi. Hajui ni nani huwa anamkanda mzazi kwa maji ya moto.

Na siku arobaini? Walawi 12 inampa mama siku arobaini za kutengwa akizaa mtoto wa kiume na themanini akizaa wa kike, tofauti ambayo sijawahi kupata maelezo yake yanayoniridhisha. Luka anatuonyesha Mariamu akizitimiza, na sadaka yake ni ya ndege wawili, sadaka ya asiye na uwezo wa mwana-kondoo. Waswidi wenyewe walikuwa na desturi hiyo: mama alikaa ndani wiki kama sita kisha mchungaji akampokea tena kanisani. Sisi wa pwani tunayo arobaini, na kina mama wa Kongo wana yao. Kinachosemwa siku hizi ni kwamba desturi zile zilimwona mwanamke kuwa najisi, na sitabisha. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine: uji wa pilipili manga, mtu wa kufua nepi, na ruhusa ya kutopika.

Sweden inatoa siku 480 za likizo ya uzazi kwa kila mtoto, na ilikuwa nchi ya kwanza duniani, mwaka 1974, kuigawa kwa mama na baba. Baba wa Kiswahili mlioko hapa mnaosukuma vigari kwenye uwanja wa soko hadharani, mnapendeza, endeleeni. Tangu Julai 2024 mzazi anaweza hata kumpa mtu mwingine siku zake mpaka 45, bibi akiwamo. Nilipoisoma sheria hiyo nilifurahi: hatimaye wamemkumbuka bibi! Halafu nikaona kwamba bibi lazima awe kwenye bima ya jamii ya Sweden. Bibi yetu hana hata viza. Kwa hiyo siku 480 zipo na mikono ya kumshika mzazi hakuna, isipokuwa jirani wa ghorofa ya tatu agonge mlango na sufuria. Zipo sehemu za Sweden ambako wanawake wahamiaji hufundishwa kazi ya kuwasindikiza wenzao wakati wa kujifungua, wakiwa wakalimani na wasaidizi kwa pamoja. Hao ndio kina Elisabeti wa leo, na ningependa makanisa na misikiti ya Kiswahili ipeleke mabinti zake wakasomee.

Hajiri nitamgusa kwa ufupi, ingawa anastahili mhadhara wake. Ni mgeni, ni mtumishi wa ndani, na mimba yake ilipangwa na wenye nyumba. Alipotoroka jangwani ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kutokewa na malaika wa Bwana, na ndiye aliyempa Mungu jina kwa kuwa Mungu huyo alimwona. Waislamu wanakimbia mwendo wake kati ya Safa na Marwa mara saba kila mwaka wakati wa hija. Mamilioni ya watu, wanaume kwa wanawake, wakifuata nyayo za mama mmoja anayemtafutia mtoto maji. Sisi Wakristo tumemwacha kama mke mdogo wa Ibrahimu aliyeleta fujo. Kila ninapowafikiria mabinti wa Mombasa na wa Singida waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Saudia, naona tumemkosea.

Nimalizie na mwanamke aliyetoka nchi hii kwenda kwetu. Barbro Johansson alizaliwa Malmö mwaka 1912. Mwaka 1946 Misheni ya Kanisa la Sweden ilimpeleka Tanganyika, mwalimu asiyeolewa, wakati kanisa lililomtuma lisingemruhusu kusimama madhabahuni. Huko Buhaya akaanzisha shule ya wasichana ya Kashasha. Mwaka 1959 aliingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, akachukua uraia wa nchi ile, na miaka ya 1970 akarudi Stockholm akiwa mtumishi wa ubalozi wa Tanzania. Watu walimwita Mama Barbro mpaka alipofariki mwaka 1999, na shule ya wasichana jijini Dar es Salaam ina jina lake. Heshima ile haikutoka kwenye chumba cha kujifungulia. Aliwapokea mabinti wa watu mlangoni mwa darasa, wakati baba zao wengi walikuwa wanahesabu ng'ombe. Kanisa la Kilutheri la Tanzania lilipokubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na Waanglikana wa Kenya walipompata Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021, njia ilikuwa imeshalimwa na walimu wa namna hiyo, wa kizungu na zaidi sana wa kwetu.

Nina ombi moja la vitendo kwa wachungaji. Siku ya Mama hapa Sweden huangukia Jumapili ya mwisho ya Mei. Mnajua tunavyoifanya: kina mama waje mbele, wapigiwe vigelegele, kila mmoja apewe khanga. Na dada yetu niliyemtaja mwanzo anabaki kitini na mkoba mapajani, akitabasamu kwa nguvu zake zote. Mwaka huu someni Kutoka 1 badala ya Samweli. Kisha waiteni waliowahi kumsindikiza mwenzao Huddinge usiku, waliopika uji wa mtu mwingine, waliolea mtoto wa marehemu ndugu yao, waliofundisha shule ya Jumapili, waliotafsiri kwa daktari bila malipo. Nani atabaki amekaa? Na baba aliyeendesha gari saa nane za usiku naye asimame, akitaka khanga apewe. Bajeti itazidi ya mwaka jana. Mhasibu wa usharika namwona pale mstari wa pili, tutaongea naye baada ya maswali yenu.